Zawadi ya Kilatini ya Murdo Geddes

Kila mgeni akija kunywa chai kwa Murdo Geddes, mwenye bucha mstaafu wa mji mdogo wa Uskoti, mkewe Effie lazima ateremshe kile kitabu kutoka rafuni. Ni mashairi ya Kilatini, jalada la ngozi na nakshi za dhahabu, kikuukuu kuliko nyumba yenyewe. Effie hukifuta vumbi kila Jumamosi, ila kukifungua hajawahi.

Safari hii mgeni alikuwa mke wa mchungaji mpya.

"Huyu unayemwona ananuka mafuta ya kondoo," Effie akamwambia, "shuleni alipewa zawadi ya Kilatini!"

"Makubwa! Kumbe mzee ni msomi?"

"Msomi wa wapi, mama mchungaji," Murdo akasema, mdomo umejaa biskuti. "Darasa zima nilikuwa peke yangu. Wenzangu walikimbilia useremala. Mimi nilibaki kwa sababu chumba cha Kilatini ndicho kilichokuwa na jiko la makaa la kuota moto."

Effie akamkata jicho. "Acha kujishusha! Wa kwanza ni wa kwanza, hata akiwa peke yake."

"Haya, mama mchungaji, hebu fungua usome," Murdo akasema.

Mgeni akafunua jalada. Ndani palikuwa pamebandikwa karatasi yenye nembo ya shule na mwandiko wa mwalimu. Akasoma kimoyomoyo, akamtazama Murdo, kisha akasoma kwa sauti: "Zawadi ya Pili."

Effie akakinyakua kitabu, akasoma mwenyewe.

"Ya kwanza," Murdo akasema, akimwongezea mgeni chai, "mwalimu alisema hajaona wa kumpa."