Bikira Maria Juu ya Pipa

Bi Herminia hakuwa mwongo, ila siku ile uongo ulimpanda kichwani. Binti yake aliyeolewa Santiago alikuwa anakaribia kujifungua, na mama mtu hakuwa na njia ya kuhamia kwake mpaka auze nyumba yake ya Santo Domingo. Na mtaa ule, jamani, maji ya bomba huja Jumanne na Ijumaa, tena yakijisikia!

Basi, kabla mnunuzi hajafika, alihakikisha tangi la juu ya paa limejaa. Kisha akazikusanya ndoo zote za chooni na jikoni, akazirundika chumbani nyuma ya pipa la bluu la kuhifadhia maji, akalifunika pipa kwa shuka jeupe na kumsimamisha Bikira Maria juu yake.

Mnunuzi, Eligio muuza kuku, alikuwa mkaguzi wa kweli. Alifungua kila bomba, akapiga magoti kupapasa chini ya sinki, akavuta maji chooni. Yote sawa. Chumbani akapiga ishara ya msalaba mbele ya pipa. Herminia nusura acheke.

Kisha Eligio akarudi chooni, akaangaza macho. "Mama, ndoo ziko wapi?"

"Ndoo za nini, mwanangu? Kwangu maji hayakatiki."

"Ebo! Mimi nimezaliwa mtaa wa pili tu hapo. Choo bila ndoo nimekiona wapi? Kuna kitu unanificha. Mabomba yameoza ukutani, eti? Haya, kwaheri."

Akashika mlango. Herminia akamwona mjukuu anazaliwa yeye hayupo.

"We Eligio, rudi hapa!" Akamkokota hadi chumbani, akamshusha Bikira, "Nisamehe, Mama," akavuta shuka. Ndoo zikaporomoka sakafuni.

Eligio alicheka hadi akakaa kitandani. "Kumbe nimelisujudia pipa!" Akaligongagonga. "Ni zima kabisa. Sasa hii ndiyo nyumba. Naichukua, lakini pipa linabaki."

Herminia akapapasa ubavu wa pipa. Binti yake, alipozaliwa, alikuwa ameogeshwa kwa maji ya pipa lile, kwa kopo la bati lililoning'inia pale ubavuni.

"Libaki," alisema, machozi yakimlenga. "Ila kopo hulipati, hata unichinje kama kuku wako."

Santiago, kwa binti yake, maji hutoka usiku na mchana. Mjukuu alipozaliwa, binti akafungua bomba la bafuni. Bi Herminia akalifunga, akalitoa kopo mkobani.

"Nisogezee ndoo," alisema. "Huyu namwogesha mimi."