Piga Magoti Tena, Bibi

Jumamosi asubuhi, baridi ya Julai ikiuma hasa, nilikuwa kwenye uwanja wa kanisa moja pale Uyole. Familia moja ikashuka garini kuwagawia wazee mablanketi: baba kavaa jezi, mama sare ya kwaya, binti simu mkononi. Walikuwa na haraka, maana baba alisubiriwa kwenye bonanza na mama kwenye mazoezi.

Bibi mmoja akapiga magoti kwenye nyasi zenye umande, akapokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

"Baba umefumba macho," binti akasema. "Turudie."

Blanketi likarudi kwa baba. Bibi akainuka huku kashika kiuno, akapiga magoti tena.

"Bibi, toa mtandio, sura ionekane," mama akasema. Akautoa, akapiga magoti upya.

Damu ilinichemka. Sadaka gani hii inayomvua mzee hata kile alichojifunika?

Hatimaye picha ikatoka. Bibi hakulikunjua lile blanketi. Alilipakata tu, anatetemeka, akamwuliza baba kwa upole:

"Mwanangu, nijifunike sasa, au bado mna kazi nalo?"