Kiwiko cha Mama Emelyne

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mzee Callixte, siku nilipohamia kwenye chumba cha uani kwake Misunkumilo, ni kandambili zake. Moja ilikuwa ya bluu, nyingine ya kijani, na zote mbili zilikuwa zimeshonwa kwa waya. Alinikaribisha kwa furaha, akanionyesha bomba, choo na banda la kuku, kisha akaniingiza sebuleni kunitambulisha kwa televisheni yake nene ya kizamani, yenye mgongo uliochomoza.

"Hii ni chogo," alisema, akiipigapiga mgongoni kama mtu anayemsifia ng'ombe wake. "Umri wake ni sawa na wa binti yangu Emelyne, na Emelyne ameshaolewa."

Tulipozoeana nilimuuliza ataibadilisha lini.

"Siku itakapokataa kuwaka, mwalimu."

Tatizo ni kwamba haikatai. Rangi ya kijani imezidi, hata watangazaji wa habari wanaonekana kama wametoka kuugua malaria, lakini inawaka.

Mambo yangeendelea hivyo kama kwaya ya akina mama wa kanisani kwao isingerekodi video. Mkewe, Donatille, ambaye sote tunamwita Mama Emelyne, huimba sauti ya pili, na sauti ya pili husimama mwisho kabisa upande wa kushoto. Video ilipotoka tulikusanyika sebuleni, flashi ikachomekwa kwenye deki. Picha ilikuwa pana kuliko kioo cha chogo, kwa hiyo pembeni zikakatwa. Kwa dakika sita nzima, Mama Emelyne alionekana kiwiko tu.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

"Si huyo hapo? Kiwiko chako nakijua."

"Baba Emelyne, kwani nimeimba kwa kiwiko?"

Mzee Callixte hajawahi kununua kipya kabla ya kujaribu kutengeneza cha zamani. Safari hii aliamua kutengeneza kwaya. Kesho yake alimfuata Onesphore, mwalimu wa kwaya, akamweleza habari ya kiwiko, akamwomba kwamba kwenye video ijayo mkewe asimame katikati.

"Mzee wangu, katikati ni sauti ya kwanza," Onesphore alimjibu. "Nikimweka mama pale atawavuruga wote. Wewe badilisha TV, kwaya niachie mimi."

Mzee alirudi nyumbani, akaiwasha chogo yake kama kawaida. Mama Emelyne naye hakugombana. Kila Jumapili alasiri alijitanda kitenge, akaenda kwa jirani yetu Vestina, mwenye TV ya flati ukutani, akajitazama mzima mzima. Mzee alibaki na kiwiko.

Jumapili ya tatu alimfuata, kwa kisingizio cha kutafuta ufunguo wa banda la kuku. Vestina alimwona mlangoni.

"Shemeji, umekuja kutafuta ufunguo au mke?"

"Ufunguo," alisema, akakaa.

Kanisani mzee ndiye mpiga ngoma, na ngoma hukaa nyuma ya kwaya. Kwa miaka ishirini na miwili ameona migongo tu. Sasa wimbo ulifika kwenye kiitikio, na pale ukutani mkewe akafumba macho, akainua kidevu na kutabasamu peke yake.

"Rudisha nyuma kidogo," mzee alimwambia Vestina.

Waliirudisha mara tatu.

"Huwa anafanya hivyo siku zote?"

"Kila ibada, shemeji. Ni wewe tu ambaye hujui."

Siku mbili baadaye alikwenda mjini kuagiza flati ya inchi arobaini na tatu. Dukani wamesema wataileta Jumamosi hii. Chogo bado inawaka vizuri, jambo linalomuuma rohoni. Ukuta ameupima mara nne. Kwaya nzima imealikwa, na ameshawaonya mapema: "Nyie akina mama, sauti ya pili ikianza, asiongee mtu." Mama Emelyne anadai hana haraka na hiyo TV, ila jana alikwenda kusuka nywele, kana kwamba Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya kurekodi.

Leo ni Alhamisi. Tangu asubuhi mzee ameniuliza mara mbili kama nadhani watu wa dukani wanaweza kuileta Ijumaa.