Ami Nassor na Muuaji wa Jogoo

Wenzangu mliokulia mtaa wa Darsait, huku Uarabuni, mtakumbuka kwamba enzi zetu hatukuhitaji simu ili tuwe wajinga. Tulikuwa na vitabu.

Kila baada ya alasiri, Bibi akimimina kahawa na mkate wa ufuta ukinukia nyumba nzima, Ami Nassor, mdogo wake baba, alitusomea riwaya ya mauaji ya Unguja ya zamani. Humo mlikuwa na daktari aliyeweza kueleza tabia za muuaji kabla hajamwona. Akiitazama maiti tu, anasema: huyu ana kiburi, hapendi kelele, usingizi wake mwepesi, na mazikoni atalia kuliko wafiwa. Sisi watoto tulikaa kwenye busati, midomo wazi. Ami alikuwa karani wa ofisi, lakini kitabu hakijafika hata nusu, yeye keshakuwa mpelelezi.

Basi asubuhi moja jogoo wa Bibi akakutwa uani, shingo imenyongwa. Ami alilia, wallahi, machozi kabisa. Mtu mwingine angeuliza nani kaona nini. Ami aliomba kiti. Akakaa, akamtazama marehemu, akafumba macho.

"Muuaji ni mkimya," akasema. "Mgeni. Ana mikono yenye nguvu, na hatutazami machoni."

Jengo zima mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja: Rehema, dada wa Tanga aliyefanya kazi kwa jirani wa juu. Alikuwa mkimya kwa sababu hakuna aliyemsemesha, na mikono yake ilipata nguvu kwa kufua mazulia ya watu. Lakini elimu kubwa kama ya Ami haishughuliki na vijambo vidogo hivyo. Kufika adhuhuri jengo zima lilishajua, na tajiri wake Rehema anazungumzia kumrejesha kwao.

Rehema akashuka, macho yamemvimba.

"Shikamoo, Bibi. Mimi sijamgusa jogoo wenu. Nina watoto wanasoma kwa kazi hii."

Ami akatunong'oneza, "Mmeona? Analia. Dalili hiyo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa," Bibi akamwambia Rehema, akamsogezea kikombe. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nassor, hebu nisomee tena zile sifa za muuaji wa kitabuni."

Ami akasoma kwa sauti ya khutba: kiburi, kuchukia kelele, usingizi mwepesi, kulia kuliko wafiwa.

"Ahsante. Sasa nnakuuliza, nyumba hii nani analala na pamba masikioni?"

Mama akaangalia dari. Mimi nikacheka, nikafinywa.

"Mama, jogoo huyo akiwika saa nane za usiku!" Ami akapasuka. "Chini ya dirisha langu! Kila siku!"

Bibi hakupiga kelele. Alimwambia apande juu, sasa hivi, amwambie tajiri wa Rehema kwa kinywa chake, na kila mlango atakaopita aseme vilevile. Tulimsikia ghorofa hadi ghorofa, sauti ikizidi kuwa ndogo. Alirudi akamwomba Rehema radhi, naye Rehema akasema tu, "Yameisha, kaka," akamaliza kahawa yake. Kuanzia hapo kila Ijumaa alishuka kukaa na Bibi, wakicheka mambo yao, mpaka aliporudi kwao kwa hiari yake.

Leo nipo Al Amerat, pembeni mwa mji huohuo, na wanangu wamesonga mbele, mashallah. Kila mmoja chumbani mwake na simu yake, anatazama kesi za mauaji za nchi asizozijua, na kwa kumwangalia mtu nyusi tu anakwambia huyu kaua. Juzi nikawauliza, yule dada anayefanya kazi nyumba ya pili, anayetusalimia kila asubuhi miaka yote hii, anaitwa nani? Wakatazamana, wataalamu wangu.

Nikaogopa wasije wakanicheka na kunirudishia swali. Bahati yangu, walisharudi kwenye simu.