Pampu ya Gari la Bibi Harusi

Jamani, hili nitalisema mara moja tu, na msinikatishe, maana nikikatishwa sitaweza kuanza tena. Hadi leo nikipita Mikese nashusha kofia hadi puani wasije wakaniita lile jina walilonipachika. Mimi ni fundi magari wa Kihonda, hilo mnalijua, ila mnachokijua nusunusu ni habari ya ndege ya Mzee Kanji, yule Mhindi wa duka la vitambaa (mama zetu wote wamenunua madera pale). Ndege yenyewe kuukuu, mabawa marefu kupita kiasi, inapaa kwa injini ndogo, na ikishafika juu ya Uluguru unaizima inaelea kimya kwenye upepo kama mwewe. Inalala kwenye banda la shamba la zamani la mkonge, upande huo wa Mikese, na kwa kuwa injini yake ni ndugu wa damu na ya vile vigari vya zamani vya mgongo wa kobe, mzee akanipa mimi kazi ya kuitunza, nami nikavimba kichwa, nikawa natembea mjini kama niliyeizaa.

Sasa mzee alikuwa anahama. Mkewe ameshafariki, binti yake yuko Kanada, tiketi imekatwa ya Jumatatu, na mwenyewe alishasema kwa umri wake ukihama hurudi. Alitaka kitu kimoja tu: Jumamosi aruke mara ya mwisho, aitazame milima kutoka juu kama alivyokuwa akiitazama na marehemu mkewe kwenye kiti cha pembeni. Macho yake hayamruhusu tena kuendesha, kwa hiyo akamwomba Kapteni Neema, rubani wa Dar, aje amrushe.

Wiki ileile pampu ya mafuta ikafa. Spea ya ndege kama ile hapa nchini huipati, nikaagiza Ujerumani kimyakimya kupitia jamaa mmoja, akaniambia subiri. Hapo ndipo ningefungua mdomo niseme, Mzee, pampu imekufa. Lakini nilishajigamba mbele ya jamaa zake kwamba injini iko safi, nikaona aibu. Na pale gereji, mbele ya macho yangu, limesimama gari la Bi Tatu, lile jeupe la mgongo wa kobe analolikodisha kwa maharusi, kaniletea nilifanyie sevisi. Pampu yake na ya ndege zinafanana kama mapacha. Harusi alikolikodisha aliniambia ni Jumapili. Nikajisemea naazima tu, Jumamosi jioni nairudisha, nani atajua?

Nilichosahau (na mimi nimeoa hapahapa Morogoro, nakumbuka vizuri mke wangu alivyofanya) ni kwamba bibi harusi haolewi kabla hajaenda kupiga magoti kwa bibi yake kumuaga. Tena huenda siku moja kabla, na gari lilelile la harusi. Na bibi wa huyu aliyelikodi alikuwa anaishi wapi? Mikese.

Jumamosi watu wamejaa shambani, mikeka imetandikwa, pilau linanukia, Mzee Kanji kavaa koti la ngozi kwenye jua lile. Kapteni Neema akafungua kifuniko cha injini, akapitisha tochi taratibu, akafika kwenye pampu akasimama.

"Hii mpya? Imetoka wapi?"

"Ujerumani, Kapteni." (Ujerumani gani, imetoka gereji kwangu, nyuma ya kibanda cha mama ntilie.)

"Karatasi zake?"

"Ziko ofisini." Sina ofisi mimi, nina kontena.

"Mzee hapandi kabla sijaziona," akasema, nami nikaanza kupapasa mifuko ya ovaroli kana kwamba karatasi za Ujerumani hukaa humo, napapasa huku naomba dua, na ndipo tukasikia matarumbeta yanakuja kutoka barabarani. Watu wakajua yameletwa kwa ajili ya mzee. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Kanji akanishika mkono, machozi yanamlenga, akaniuliza, "Shomari, umeniitia matarumbeta?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Pikapu ya wapiga matarumbeta ikakata kona ikaingia shambani, na nyuma yake likaja gari la Bi Tatu na mautepe yake, na juu ya paa, katikati ya maua, dumu la njano la mafuta ya kula limefungwa kamba, mpira unashuka kutoka humo hadi kwenye injini, petroli inajitiririkia yenyewe. Kazi ya fundi jirani yangu, ambaye pia ndiye aliyesema pampu ilikokwenda. Bibi harusi kashika mlango nusu wazi, hina mpaka kwenye viwiko, tayari kuruka moto ukiwaka.

Bi Tatu akashuka.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Sitaki shikamoo yako. Nataka pampu yangu."

"Pampu gani, mama?" Kapteni akauliza.

"Ya gari. Kaing'oa huyu, kaja kuiweka kwenye lidege lenu."

Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine. Nikaifungua pampu mbele ya watu wote, nati ikaniponyoka ikaingia kwenye majani, na wageni wa harusi na wa mzee wakapiga magoti pamoja kuitafuta, huku watoto wa Mikese wameshaanza kuniimba, Ujerumani, Ujerumani. Nilitamani ardhi inimeze na ovaroli yangu.

"Baba, sirushi," Kapteni akamwambia mzee. "Sijui ni nini kingine humu alichonidanganya. Mpaka ikaguliwe yote." Nikaapa hakuna kingine, na ni kweli hakukuwa na kingine, lakini nani wa kuniamini? Ukaguzi ule ni wa miezi, na nyumba ya mzee ilishapata wapangaji.

Mzee Kanji akavua koti lake polepole. "Kwa nini hukuniambia haipo, Shomari? Tiketi inasogezwa. Ningeisubiri."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu akaondoka. Wiki hiyohiyo pampu ikafika kwa basi, na karatasi zake zote, iko kwenye kontena hadi leo sijaifungua. Nimeapa mteja akiuliza spea ambayo sina, namwambia sina, hata kabla hajamaliza kuuliza, na wateja wengine wamenikimbia kwa hilo. Waende tu.

Ila mzee hunipigia simu mara mojamoja. Anauliza, "Shomari, milima leo ikoje?" Natoka nje ya kontena naitazama, imekaa wazi mpaka kileleni, siku nzuri kabisa ya kuruka. Namwambia imefunikwa na mawingu, Mzee, leo hata mwewe hawajatoka.