Barua ya Kwenda Mandawa

Mwanangu amenunuliwa raba mpya ya kufutia, na harufu yake imenirudisha darasani kule Naipingo, siku mwalimu alipotuagiza tuandike barua za kweli.

Nilimwandikia baba, aliyekuwa amehamia Mandawa kwa mke mwingine. Mama alikuwa kitandani wiki ya tatu, hawezi hata kushika kikombe.

Mwalimu akaisoma. "Ukurasa mzima salamu tu. Unataka baba afanye nini?"

"Aje, mwalimu."

"Basi mwambie aje."

Nikafuta, nikaandika upya. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali. "Hapo sasa ataelewa."

Nilikimbia nyumbani kumsomea mama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nzuri," akasema. "Lakini baba yako hajui kusoma, mwanangu. Atakayemsomea ni yule mke mwenzangu."

Nikakaa chini kando ya kitanda na karatasi nyingine. Nilijua sasa barua inakwenda kwa nani, na kwamba asipopendezwa nayo, baba hataisikia. Nikaandika, "Shikamoo mama."

"Umeanzaje?" mama akauliza.

Nikaifunika karatasi kwa kiganja. Sikuweza kumsomea.