Shuka Iliyo Chini ya Pasca

Pasi ilinasa. Fundi cherehani aitwaye Afisa aliinyanyua haraka, na kitambaa kikainuka nayo, kimejikunja na kunuka plastiki iliyoungua.

Akabaki ameishika pasi hewani, makaa yakivuma ndani yake. Kilichoharibika kilikuwa kipande tu cha kutengenezea foronya, lakini kilikuwa kimebaki kwenye jora lile lile alilokata shuka ishirini na nne, na shuka zile alikwisha kuzipeleka kwenye zahanati moja huko Arua Jumamosi iliyopita.

Alichomoa uzi mmoja, akawasha kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Huu ulirudi nyuma kuukimbia moto, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi na kuacha kitone kigumu mfano wa mbegu ya mchicha. Poliesta. Akachukua kipande kingine, akachomoa, akawasha. Jivu. Akarudia mara tano, na mara mbili kati ya hizo akapata kitone.

Jora lilikuwa limeungwa. Nje pamba, ndani mchanganyiko wenye poliesta, vyote vimefumwa kwa namna moja, uzi mmoja juu na mmoja chini, vimeng'arishwa hata mkono usitofautishe.

Afisa hakuwa mgeni wa vitambaa. Baba yake, mzee Nasiri, alikuwa fundi wa kushona sare za jeshi, na mafundi wengi wa Koboko walijifunza kwake. Alimfundisha bintiye kuinua kitambaa juani na kutazama nyuzi za urefu zinavyokatizana na za upana, kutia tone la maji na kuona kama linanywewa au linateleza. Alipolinunua jora lile kule Vurra, mpakani, kwa mfanyabiashara aitwaye Kasimiro, Afisa alijaribu vyote hivyo. Ila alijaribu kwenye ncha peke yake. Lori la kumrudisha lilikuwa linapiga honi, na Kasimiro alikuwa akiapa, "Mama, hii iko pamba tupu. Mutu ananunua kwangu harudi kulia." Akaamini.

"Mama, nyamaza tu," alisema binti yake, Nabila, alipoonyeshwa vile vitone. "Nani atajua? Shuka iko shuka."

"Iko wagonjwa juu yake."

Hilo ndilo lililomkata maini. Zahanati ile ndogo ya Arua, nje ya mtaa wa Mvara, iliomba pamba tupu kwa sababu ya wodi ya walioungua. Muuguzi mkuu, Agnes Keji, alimweleza waziwazi: mtu mwenye kidonda hutokwa na maji na jasho, na shuka isiyonywa humwacha amelowa na kuiva kwa joto. Siku ya kupeleka mzigo, Afisa alimwona mwanamke mmoja wa Lobule, Pasca, ambaye mafuta ya maandazi yalimmwagikia mgongoni na ubavuni. Alikuwa amelala kifudifudi, akamsalimu kwa vidole viwili.

Alipiga simu ya Agnes Keji mara nne. Haikupokelewa. Kila mlio uliokatika ulimletea picha ya mgongo ule. Akafunga mlango, akapanda gari la Arua, na njia nzima hakujua hata waliokaa karibu naye ni akina nani. Alijiambia labda zile mbaya ziko kabatini bado. Dakika moja baadaye alikwisha kuona akilini polisi, gazeti, jina la baba yake likisemwa sokoni.

Agnes Keji alimkuta mlangoni pa wodi, ameshika kiberiti.

"Sista, shuka ingine si pamba. Mimi nimekosea. Naomba nijaribu zote, moja moja."

Muuguzi alijibu, "Ungesema kwa simu."

"Nimepiga."

"Nilikuwa nafunga vidonda." Akamkabidhi mkasi. "Anza."

Walikaa ua wa nyuma, karibu na jiko. Afisa alichomoa uzi kwenye pindo la kila shuka, kutoka kabatini, kutoka kwenye kamba, kisha kutoka vitandani. Jivu, jivu, kitone. Shuka ishirini na tatu zikaisha. Sita zilikuwa mbaya. Ikabaki iliyo chini ya Pasca.

Afisa alipiga magoti kando ya kitanda, akakata uzi, akatoka nao nje. Ukayeyuka.

"Tangu Jumamosi anasema mgongo na kifua viko moto, halali," Agnes Keji alisema polepole. "Na mimi nasema ni kidonda tu."

Ubavuni, kidonda kilikuwa kimeshikana na shuka. Walilowesha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, wakangoja, wakalowesha tena. Pasca alikamata kifundo cha mkono wa Afisa. Shuka ilipoachia, alipiga ukelele ulioinyamazisha wodi nzima, na ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota ikaondoka nayo, upana wa kiganja.

Wakatandika ya pamba. Pasca alihema kwa muda mrefu kabla ya kuuliza, "Iko nini?"

Afisa angeweza kumwachia muuguzi ajibu, lakini alisema mwenyewe, "Shuka ilikuwa mbaya. Mimi nilishona."

Pasca aliugeuzia ukuta uso, lakini mkono wa Afisa hakuuachia upesi.

Kidonda hakikuoza; daktari alisema hivyo siku ya tatu, ila kile kidonda cha upana wa kiganja kilimwongezea Pasca wiki tatu kitandani. Afisa alishona shuka saba mpya, akachoma uzi wa kila moja mbele ya Agnes Keji. Shuka zilipokelewa. Kazi iliyobaki, ya foronya na mapazia, akapewa fundi mwingine, na Afisa hakubishana.

Kila Alhamisi alikwenda Arua na chupa ya uji. Wiki ya kwanza Pasca hakuunywa. Wiki ya pili aliunywa wote. Ya tatu alikaa kitako mwenyewe, akapapasa shuka aliyokalia, kisha akauliza Afisa anajuaje kitambaa kizuri, maana kwake Lobule kuna mtoto anayetokwa na vipele vya joto. Afisa akasogeza kiti, akachomoa uzi, akaanza kumweleza.